Kudhamini mkutano wa madevelopa: pesa zako uzipeleke Nairobi ama uziweke hapa hapa Pwani?

Kila mwaka ikifika nusu ya pili zile barua za kuomba udhamini wa mikutano ya madevelopa, yaani watengeneza programu, zinaanza kuingia kwa imeli, na sisi wenye kampuni ndogo za programu hapa Malindi, Watamu na Kilifi tunaanza kuulizana kwa WhatsApp, wewe utatoa? utatoa wapi? kifurushi cha dhahabu wanataka ngapi safari hii? Mimi niko kwa kampuni ndogo hapa Malindi, tunatengeneza mifumo ya bukingi za hoteli, nyumba za wageni na maboti, na tumedhamini mikutano mikubwa ya Nairobi na tumedhamini pia ile midogo ya huku kwetu, kwa hivyo nitalinganisha vile nilivyoona na mwishowe nitasema wazi mimi ningeweka pesa wapi, manake ulinganisho wa "yote mazuri, chagua mwenyewe" haumsaidii mtu mwenye bajeti moja na chaguo mbili.

Lakini kabla ya bei jiulize kwanza unamtafuta nani. Mkutano wa madevelopa umejaa madevelopa, basi. Kama bidhaa yako anainunua developa mwenyewe, kama vile JetBrains wanavyouza zana za kuandikia programu, ama wewe unauza seva, huduma ya kutuma SMS, mfumo wa malipo wa kuunganisha kwa apu, basi soko lako liko pale, toa na usijute. Sisi wengine wateja wetu ni meneja wa hoteli pale Casuarina hapa Malindi, mwenye nyumba Watamu ambaye nusu ya mwaka yuko kwao Italia, nahodha wa boti ya kupeleka wageni kwa matumbawe, sacco, duka la dawa. Hao huwakuti kwenye ukumbi wa madevelopa hata ukikaa mpaka wakunja viti wamalize. Mteja wetu mmoja, mzee wa hoteli za tangu zamani, alipoona picha zetu za mkutano aliniuliza, "Mwanangu, hapo kulikuwa na mwenye hoteli hata mmoja?" Nikamwambia la mzee, hapo naenda kutafuta vijana wa kuushughulikia mfumo wako usiku wewe ukiwa umelala. Akasema, "Basi hapo sawa, nenda."

Hilo swali la mzee ndilo lililotunyoosha. Kwa kampuni kama zetu udhamini unanunua vitu viwili tu, watu wa kuajiri na jina zuri mbele ya mafundi wenzako, mauzo yaweke kando kabisa. Kwa hivyo ninapolinganisha hapa chini kipimo changu ni hicho, pesa hii itaniletea mtu gani na atakaa?

Haya, Nairobi kwanza.

Mikutano yenyewe mnaijua, kuna droidcon Kenya ya watu wa Android, kuna PyCon Kenya ya watu wa Python, ile lugha ya kuandikia programu, kuna DevFest ambazo zinaandaliwa na vikundi vya GDG (Google Developer Groups) kila mji na timu yake na nyingi huangukia miezi ya mwisho wa mwaka. Faida kubwa ya mkutano mkubwa ni kwamba kazi yote wamefanya wenyewe, ukumbi wamelipa, chakula wamepanga, ratiba wamechapisha, watu wamewaita, wewe unaleta banna yako na stika na kutabasamu. Na utakutana na watu wa kiwango ambacho huku ni nadra, mtu ameshaendesha mfumo wa watumiaji laki kadhaa, ameshaona databesi ikianguka saa nane usiku na akaiinua, huyo ukikaa naye dakika ishirini unarudi na maarifa ya mwezi mzima.

Ila meza yako itakuwa kati ya meza ya benki na meza ya kampuni ya simu. Wao wana gurudumu la kuzungusha zawadi, wana chupa za maji zenye jina lao, wana mabinti na vijana watano wamevaa sare, wewe uko na bakuli la stika. Watu wanapita wanachota stika wanauliza "mnaajiri?" bila hata kusimama, ukisema ndio wanakuachia imeli, jioni una karatasi imejaa imeli na huna hata sura moja unayoikumbuka. Hapo ndipo kampuni nyingi ndogo zinapoamua kwamba udhamini ni pesa za kutupa, na mimi naona zinakosea, kilichokosekana ni kitu cha kumsimamisha mtu.

Sisi tulipata dawa yake. Badala ya video ya kujisifu tuliweka laptopu mezani na tatizo letu la kweli, mgeni analipa bukingi ya boti kwa simu, mtandao unasuasua, ile taarifa ya malipo inafika kwa seva yetu mara mbili, mfumo unaandika viti viwili kwa mtu mmoja na nahodha asubuhi anakataa abiria wengine akidhani boti imejaa. Tukaandika juu yake kwa karatasi kubwa, wewe ungefanyaje? Wallahi watu walisimama. Mmoja anasema hifadhi ile namba ya muamala iwe ya pekee kwa databesi ili ya pili ikataliwe, mwengine anasema hiyo haitoshi kama kiti kinaandikwa kabla ya ile namba kuhifadhiwa, lazima vyote viwili viandikwe kwa pamoja au visiandikwe kabisa, wa tatu anauliza na kama malipo yameingia lakini taarifa haikufika kabisa? maana hiyo nayo iko, lazima uwe na kazi inayozunguka kila dakika chache kuuliza malipo yaliyobaki hewani. Ndani ya mabishano kama hayo unamjua fundi kuliko kwa CV. Aliyeuliza lile swali la tatu alikuwa kijana wa Mambrui anayefanya kazi Nairobi miaka, akasoma jina la Malindi kwenye banna akauliza, "Kaka, nyinyi mko Malindi kweli ama ni ofisi ya jina tu?" Nikamwambia tuko barabara ya Lamu, ukitoka nje unasikia harufu ya bahari. Leo yuko na sisi.

Na yeye si peke yake. Nairobi imejaa watu wa Pwani walioenda kusoma wakabaki kwa sababu walidhani huku hakuna kazi ya kompyuta zaidi ya saiba. Hao ndio samaki wako kule, wale wengine wa huko huko watakuuliza mshahara, watauliza kama wanaweza kufanyia kazi nyumbani kwao Ruaka, na benki ya meza ya jirani itawapa zaidi yako. Kwa hivyo ukienda Nairobi andika neno MALINDI kubwa kuliko jina la kampuni.

Sasa gharama, na hapa watu wanajidanganya sana kwa kuangalia bei ya kifurushi peke yake. Tuchukue mfano una laki tatu. Vifurushi vinatofautiana mkutano kwa mkutano, kwa hivyo tuseme kifurushi cha fedha, kile cha chini ya dhahabu, ni laki moja na nusu. Mnaenda watu wanne. Treni ya SGR daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, kwenda na kurudi wanne ni 12,000, na kutoka hapa mpaka stesheni ya Miritini na kurudi weka 8,000, manake Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120 na treni haikusubiri. Kulala siku tatu kwa 4,000 mtu mmoja ni 48,000. Chakula na teksi za Nairobi 2,000 kwa siku kwa kila mtu, 24,000. Banna, stika na tisheti 50,000. Ushafika 292,000 na hujalipa soda, na bado hujahesabu kwamba watu wanne kwa kampuni ya watu wachache ni nusu ya ofisi imefungwa wiki hiyo. Yaani nusu ya pesa ndiyo imeenda kwa mkutano wenyewe, nusu nyengine imeenda kwa wewe kufika huko.

Sasa laki tatu hizo hizo ziweke hapa, mkutano wa siku moja Malindi ama Kilifi, wewe ndiye mdhamini mkuu ukishirikiana na klabu ya wanafunzi ama kikundi cha GDG cha karibu. Chukulia watu 120. Chakula cha mchana pilau na kachumbari na soda kwa 500 kila mtu, 60,000. Chai ya asubuhi na mahamri kwa mbaazi, 150 kila mtu, 18,000. Ukumbi na projekta 40,000. Intaneti ya akiba 10,000, na usiiache hii hata wakikuapia kwamba waifai ya hoteli iko sawa, waifai ya hoteli imepangiwa wageni ishirini wanaotuma picha, haikupangiwa watu 120 wanaodaunlodi vifurushi vya programu kwa wakati mmoja. Nauli ya wanafunzi 40 wa kutoka Mombasa, Lamu na vijijini 1,500 kila mmoja, 60,000. Wazungumzaji wawili wakubwa kutoka Nairobi, nauli na malazi, 50,000. Tisheti za vijana 15 wa kujitolea, 12,000. Jumla 250,000, na 50,000 inabaki ya jenereta na dharura.

Angalia pesa zimeenda wapi. Huku imelisha watu, imewasafirisha watu, imewaleta waalimu. Jina lako halina jirani. Mtoto wa watu ametoka Garsen na basi la alfajiri ukamrudishia nauli yake mchana kwa M-Pesa, huyo hakusahau, na wenzake kumi chuoni watasikia. Udhamini wa aina hiyo mimi naupenda na sioni haya kusema, kwa sababu kuna kitu kinaniuma hapa kwetu. Pale Ngomeni, mwendo mfupi tu kutoka Malindi, ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na ikapewa jina hilo kwa heshima ya sikukuu yetu ya uhuru siku ile ile. Lakini muulize kijana wa hapo hapo teknolojia iko wapi, atakwambia iko Nairobi. Mkutano mmoja mzuri wa nyumbani unamtoa hayo mawazo kuliko matangazo ya redio mwezi mzima.

Lakini tusipambe. Mkutano wa nyumbani una uzito wake, na uzito wenyewe uko juu ya kichwa chako. Nairobi chakula kikichelewa wanalaumiwa waandaji, huku pilau ikichelewa umechelewa wewe, jina lako ndilo liko ukutani. Miezi miwili kabla, mtu mmoja wa ofisi yako hafanyi kazi nyengine, anapiga simu. Halafu watakaokuja wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, wazuri sana lakini bado wabichi, ukitafuta mtu wa kukamata mfumo wako kesho asubuhi hutampata hapo, utapata mtu wa kumfunza mwaka mzima. Kwetu hilo limetufaa, tunawachukua kwa atachmenti, wale watatu wanne tunaowaona macho yao yanawaka tunawaita tena wakimaliza chuo, na hawa wanakaa, kwao ni hapa, mama yake yuko hapa, hana haja ya kulipa kodi ya Nairobi. Lakini kama mfumo wako unaanguka saa hii na huna fundi mkubwa, mkutano wa wanafunzi hautakuokoa, panda treni.

Kuna mambo ya mahali ambayo mtu wa kuandaa kutoka nje hayajui na ukidhamini huku ni wewe utakayemwambia. Ijumaa usiweke, ama ukiweka ratiba iachie nafasi kuanzia saa sita mpaka saa nane watu waende swala, wale chakula, warudi, Jumamosi ndiyo siku. Uliza Ramadhani inaangukia wapi, manake inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, mkutano wa kutwa na watu wamefunga ni kuwatesa. Na msimu, hili wengi hawalifikirii: Desemba mpaka Machi hoteli zimejaa, ukumbi utalipa bei ya mgeni, na wateja wako wa hoteli watakuwa wanakupigia kila saa, sasa utasimama vipi jukwaani? Mei na Juni ndio hoteli ziko tupu, meneja atakupa ukumbi kwa bei ya kupoza viti, wakati mwengine bure kabisa ukimwekea jina lake kwa banna. Mvua ya masika ipo, ndio, lakini mkutano ni wa ndani. Tena Mei ndio wanafunzi wengi wanatafuta atachmenti, yaani mahitaji yako na yao yanakutana. Ile mikutano ya Nairobi ya Oktoba na Novemba inakukuta wakati unawaandalia wateja msimu, na pesa za msimu bado hazijaingia, ndiyo maana unaona uchungu kutoa hata kama bei ni ya haki.

Kwa ndugu zetu wa Lamu hesabu ni nyengine kidogo. Nyinyi kutoka kisiwani ni boti mpaka Mokowe halafu basi mpaka Malindi, siku nzima imeenda, wakati ndege kutoka Manda inawafikisha Nairobi kabla ya chakula cha mchana, ila tiketi yake ndiyo inauma. Kwa kampuni ya Lamu mimi ningesema mlipie nauli vijana wenu waje Malindi ama Mombasa kuliko kujaribu kuleta mkutano mzima kisiwani, na kama mmeamua uwe kwenu basi kwepeni wiki ya tamasha la utamaduni la Novemba, vyumba hakuna.

Kati ya Nairobi na nyumbani kuna njia ya tatu, ile mikutano ya bara zima la Afrika. PyCon Africa ilianza Accra mwaka 2019. DjangoCon Africa, ya watu wa Django, zana ya Python ya kutengenezea websaiti, ya kwanza ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, na ya 2025 ikawa Arusha. Sisi wa Pwani hizi zikija Zanzibar au Tanzania bara tusiziache, lugha ni yetu, chakula ni chetu, na unakutana na watu wa Ghana na Nigeria na Ulaya bila kupanda ndege ya masaa kumi. Lakini kudhamini meza huko kwa kampuni ndogo sioni maana yake. Mikutano hii huwa na mfuko wa kusaidia nauli za washiriki wasiojiweza, weka pesa zako hapo. Kiasi kidogo kisichoweza kununua hata kifurushi cha chini kabisa kinaweza kumvusha kijana mmoja au wawili.

Jambo jengine ambalo halina bei na watu hawalitumii, ni mada. Vifurushi vikubwa vinakuja na nafasi ya kuzungumza, dakika ishirini jukwaani, unaona ni tamu. Iangalie vizuri. Mikutano yenye nidhamu inatenganisha mada za wadhamini na mada zilizochaguliwa na kamati, na ratiba inaonyesha wazi hii imelipiwa, na madevelopa wakiona imelipiwa ndio wakati wa kwenda kutafuta chai. Mada iliyopita kwa kamati haikugharimu shilingi na ukumbi unajaa. Kwa hivyo kama una kijana anayeweza kueleza, muache aandike pendekezo mapema, aeleze kitu cha kweli mlichokifanya, kwa mfano jinsi ya kuweka bukingi kwa simu ya nahodha akiwa baharini hana mtandao na kuzioanisha na seva akirudi gatini, nani anashinda kama ofisini nao waliuza kiti kile kile. Hiyo ni elimu ambayo mtu wa Nairobi mwenye faiba nyumbani hana, sisi tunayo kwa sababu ya mahali tulipo. Ikikubaliwa, kifurushi cha chini kabisa kinatosha, au usichukue kifurushi chochote, nenda na mada yako tu. Hapa nina msimamo, mada nzuri bila meza inashinda meza ya dhahabu bila mada.

Na udhamini si lazima uwe noti. Waandaji wadogo wa huku wanachokosa mara nyingi ni kazi, nani atatengeneza websaiti ya usajili, nani ataunganisha malipo ya tiketi, nani atakaa mlangoni na orodha. Kampuni ya programu ndiyo kazi yake hiyo. Tengeneza usajili wao kwa wiki moja, jina lako liwe chini ya kila ukurasa na kwa kila tiketi, hiyo ni thamani kubwa na haijatoka benki. Ukumbi nao si lazima uwe hoteli, Mombasa kuna Swahilipot Hub pale karibu na Fort Jesus imejengwa kwa mambo haya haya ya vijana, na vyuo vina kumbi ambazo Jumamosi zimefungwa tu.

Mahali popote utakapotoa, karatasi ni muhimu. Omba invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, kabla hujalipa, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi hiyo KRA haikubali uitoe kwenye hesabu ya faida, na vikundi vingi vya wanafunzi havijasajiliwa, sasa hapo njia safi ni kumlipa mwenye ukumbi na mwenye chakula moja kwa moja wakupe invoisi zao. Kwa mikutano mikubwa uliza tarehe ya mwisho ya kutuma nembo, ukipitwa banna zitachapishwa bila wewe. Omba uonyeshwe ramani ya ukumbi kabla ya kutia sahihi, sisi kuna mkutano tulipewa kona nyuma ya nguzo, watu walikuwa wanatuona wakienda msalani tu. Uliza pia mkutano ukiahirishwa pesa zako zinakuwaje, mwaka 2020 hata PyCon ya Marekani iliyokuwa ifanyike Pittsburgh ilifutwa ikaenda mtandaoni kwa sababu ya korona, kwa hivyo si swali la uchokozi ni swali la biashara. Na wakikuahidi orodha ya imeli za washiriki kuwa sehemu ya kifurushi, simama kidogo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mwenye data awe ameambiwa na amekubali. Orodha ya watu ambao hawakukubali usiiguse, wakusanye mwenyewe mezani wale wanaotaka.

Sasa mimi ningeweka wapi. Kampuni ya Pwani ya watu chini ya kumi na tano, inayouza kwa hoteli na biashara za hapa, laki tatu ningezigawa hivi: laki mbili kwa mkutano wa siku moja wa nyumbani mwezi wa tano, ukitafuta mwenzako mmoja wa kuchangia kilichobaki, elfu sitini kwa watu wawili, wawili tu, kwenda Nairobi na mada iliyopita kwa kamati bila meza yoyote, na elfu arubaini kwa nauli ya kijana mmoja kwenda mkutano wa bara la Afrika ukiwa karibu. Meza ya Nairobi ningeinunua kwa sababu moja peke yake, nahitaji fundi mkubwa mwaka huu huu na niko tayari kumlipa, hapo ningechukua kifurushi cha chini chenye meza na laptopu yenye tatizo letu juu yake. Kampuni inayouza kwa madevelopa ifanye kinyume, Nairobi kwanza, na huku iletee chakula cha mchana na mtu mmoja wa kufundisha, isilete banna kumi.

Na vyovyote utakavyochagua anza kuzungumza na waandaji miezi mitatu minne kabla, ile wakati bado hawajachapisha vifurushi. Wakati huo unaweza kuwaambia mimi sitaki nembo kwa tisheti, nataka nilipie basi la kutoka Malindi, na watakuandikia kifurushi chako mwenyewe, manake kwao mdhamini wa basi ni mgumu kupatikana kuliko wa tisheti.